Tambi za Watu Wasiomeza

Mimi pilipili naitafuna kama njugu. Sijisifu, huo ni ulemavu. Ulimi wangu uliungua kwa mambo mengi kabla ya pilipili, na kitu kikishaungua mara nyingi huwa sugu kama kisigino. Ndiyo maana Jumatatu ile mwanangu aliposimama mbele ya rafu ya duka langu akauliza, "Mama, kati ya hizi tambi za Kikorea, zipi haziwashi?" nilimjibu ukweli mtupu.

"Zote haziwashi."

"Mama, wewe ulikula ile ya pakiti nyekundu ukasema imepungua chumvi."

"Ilikuwa imepungua chumvi."

"Mteja aliyekula hiyohiyo alirudi mbio, akanywa maji ya kwenye ndoo ya kudekia."

"Yalikuwa safi bado," nikasema.

Huyu mwanangu tunamwita Kijiko. Tangu anatambaa hakutaka midoli, alitaka kijiko, na kila sufuria iliyopoa aliifuata: anaonja, anakunja uso, anaonja tena kuhakikisha kwamba kweli hakupenda. Majirani walisema ana uroho. Sasa uroho huo ulikuwa unakaribia kuwa kazi. Kwa miezi mitatu alikuwa mwanagenzi kwenye chumba cha waonjaji, katika ghala la chai linalotazamana na duka langu, na Ijumaa ya wiki hiyo Mkuu wa waonjaji angesema abaki au aende. Kiti kilikuwa kimoja. Mwanangu alikitaka kiti kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, mimi niliyewahi kutaka vingi na kuvikosa kwa zamu.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, nitaieleza kama nilivyoelezwa. Chai hupangwa mstari mrefu, vikombe vyeupe vyenye vifuniko. Inaachwa dakika sita, si tano na nusu. Kisha mwonjaji anapita na kijiko, anafyonza kwa kelele ambayo mimi nilimchapa Kijiko kwa ajili yake utoto mzima, anaizungusha mdomoni, halafu anatema kwenye pipa lenye magurudumu linalomfuata kama mbwa. Hamezi. Vikombe mia tatu kwa siku, angemeza angeelea. Na kwa kuwa ulimi ndio mtambo wa kazi, wenyewe hawali pilipili, hawavuti sigara, hawajipaki manukato. Mkuu ana miaka arobaini hajaijua pilipili. Ukitaja tu neno lenyewe, anajipangusa mdomo.

Sasa taabu ilianzia kwenye tamthilia. Waonjaji wote saba, pamoja na dada wa mizani anayepima majani, walikuwa wanafuatilia tamthilia ya Kikorea ambayo kila sehemu lazima mtu mmoja aachwe na mchumba na mwingine ale tambi. Birika pale linachemka kutwa, ila wao mchana wanakula mkate na yai la kuchemsha. Basi wakaanza kulalamika. Mkuu akasikia, akamgeukia mwanangu.

"Wewe si mama yako ndiye mwenye rafu ile? Haya. Ijumaa mchana utulishe tambi moja utakayoichagua mwenyewe. Iwe ya mtu asiyejua pilipili, ale ashibe, na saa nane arudi kuonja chai kama hakuna kilichotokea. Ukipatia, kiti chako. Ukikosea, umetuharibia ndimi saba na kazi ya mchana mzima, na nitajua huwezi kuchagulia kinywa kisicho chako."

Ndiyo sababu ya lile swali.

*

Jumatano alasiri nilifunga duka mapema, tukahamia chumba cha nyuma. Rafu yangu ilikuwa na aina kumi na moja, zote za maandishi ambayo hatuwezi kusoma hata herufi. Wakala aliyeniuzia alikuwa amebandika karatasi zake juu ya maandishi muhimu, na kwenye karatasi zote aliandika kitu kimoja: "Tamu sana." Nimeshauziwa vitu na watu wa namna hiyo. Niliwahi kununua robota la viatu vya mitumba, kulifungua nikakuta vyote vya mguu wa kushoto. Tangu hapo sisomi lebo, nasoma sura ya muuzaji. Ya huyu ilikuwa nzuri mno, nikapaswa kushtuka.

"Tutoe zote nyekundu," nikasema. "Nyekundu ni moto, hata taa za barabarani zinajua."

"Rangi ya pakiti si kitu, Mama. Mtu hali pakiti." Akachukua mkasi, akafungua kila moja na kumwaga kifuko cha viungo kwenye kisahani cheupe. Tukapata vilima kumi na kimoja vya unga na rojo. Saba vilikuwa vyekundu au rangi ya kutu. Akavisukuma kando bila kuaga.

"Si unaweza kutia nusu ya kifuko?" nikamwuliza. Nilikuwa nazionea huruma tambi zangu.

"Nusu ya moto ni moto, Mama. Na ukipunguza viungo unapunguza chumvi na ladha yote, unabaki na kamba za maji."

Zilibaki nne. Ya kwanza pakiti ya waridi yenye dubu anayecheka, na ndani vifuko viwili, unga mweupe wa maziwa na jibini, na rojo jepesi la rangi ya chungwa. Ya pili nyeupe, supu ya mifupa. Ya tatu ya kuku, yenye picha ya kuku aliyeonekana kutojua kinachoendelea. Ya nne rojo jeusi la maharage, jeusi tii kama grisi ya gurudumu.

"Hiyo nyeusi mtu ataila akiwa amefumba macho," nikasema.

"Usiniharibie kipimo, Mama. Mwonjaji haambiwi kitu kabla."

Akachemsha maji, akapanga mabakuli manne meupe, akaweka saa. Akajifunga aproni. Nilikaa kwenye kreti nikamtazama, na nakwambia, mtoto aliyenizungusha miaka kumi kula kiazi alisimama pale kama daktari wa upasuaji. Anafyonza, fyuuu! Anatazama dari. Anatema kwenye ndoo. Anaandika. Anasuuza mdomo. Bakuli linalofuata.

Alipomaliza, akaweka kijiko chini mbele ya dubu wa waridi.

"Hii. Laini, maziwa yanatangulia, utamu kidogo, moto hakuna kabisa. Ya kuku ina kitu kinachokwaruza. Nyeupe imepooza. Nyeusi ni nzuri, ila ina uzito."

Nilionja na mimi. Sikusikia kitu. Lakini mimi hata betri ya redio nikiilamba sisikii kitu.

Alhamisi asubuhi akavuka barabara na pakiti ya dubu. Mchana alirudi dukani akiruka vidimbwi.

"Mama! Mkuu ameifyonza, ameizungusha, ametema, akasema, 'Laini kama maziwa ya mtoto.' Wote saba wameonja, wote wamekubali! Kesho tunakula hiyo. Amesema kiti nianze kukifuta vumbi!"

Nikampa soda ya bure. Kwangu hiyo ni sherehe.

*

Jioni hiyo jua halijazama, akaja mdogo wangu wa kiume, fundi wa kuchomelea vyuma, kunirekebishia bawaba ya mlango. Mtaani wanamwita Nyundo. Ana mikono kama mihimili, na cheche zikimwangukia anazipangusa kama makombo ya mkate. Lakini mtu mzima huyu, tangawizi kwenye chai inamtoa machozi. Aliwahi kususia harusi ya rafiki yake kwa sababu ya kachumbari.

"Shikamoo, Mjomba," Kijiko akamwamkia. "Una njaa?"

"Marahaba, mpwa wangu. Hilo nalo ni swali?"

Akamtilia bakuli zima la dubu wa waridi. Nyundo akalinusa kwa wasiwasi, kama mtu anayepokea barua ya mahakama.

"Haliumi hili?"

"Mjomba, wataalamu saba wamelipitisha."

Akala uma wa kwanza. "Aah. Tamu." Wa pili. "Kama uji wa harusi." Wa tatu, wa nne. Uma wa tano ukasimama hewani. Masikio yakaanza kubadilika rangi, kwanza ncha, halafu yote. Akameza tena, akashika koo kwa mkono mmoja na nguzo ya rafu yangu kwa mwingine.

"Dada," akaniambia kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwenye mwili ule, "kuna mtu... anachomelea... humu ndani."

Akatoka mbio hadi bombani, akakinga mdomo. Kuku wa jirani walipisha njia. Nilicheka hadi nikashika ubavu, Mungu anisamehe, ni ndugu yangu wa tumbo moja. Lakini nilipogeuka nilimkuta Kijiko hacheki. Alikuwa amesimama na lile bakuli, uso umemshuka.

"Lakini nilionja, Mama. Niliionja mara tatu. Haikuwa na kitu!"

"Ulimeza?" nikamwuliza, bila kufikiri, kama unavyomwuliza mtoto mwenye kidonge.

Akanitazama.

"Hatumezi," akasema polepole.

Akachukua uma, akala kama walavyo watu, akameza. Akala tena, akameza. Tukangoja. Maziwa yalipita, yakaaga, na nyuma yake, kooni, moto ukafika ukiwa hauna haraka, kama mgeni anayejua amekuja kukaa. Macho yakamjaa maji.

"Unakuja kooni," akasema. "Unakuja mwishoni, tena unaongezeka kila unapomeza. Sisi kabla haujafika tulishatema." Akakaa kwenye kreti. "Mama, hata Mkuu. Wote saba. Chumba kizima kinaonja kwa namna ambayo hakuna anayekula."

Nyundo akarudi, ulimi nje. Nikampa maziwa. Akanywa kopo zima bila kuuliza la nani.

Halafu tukaanza upya, safari hii kwa kumeza, na kipimo chetu alikuwa Nyundo. Hakutaka. Nikamkumbusha ni nani aliyembeba mgongoni alipokuwa na surua. Akakubali. Ya kuku alimeza mara tatu akapiga chafya, kumbe lile la kukwaruza lilikuwa pilipili manga. Nyeupe aliila yote, akasema haimdhuru ila haimpendi, ni kama maji yaliyooshea mfupa wa mtu mwingine. Nyeusi aliitazama sana.

"Hii si ndiyo ninayopaka kwenye geti?"

"Kula, Mjomba."

Akala. Akameza. Tukahesabu hadi sitini. Akala tena, tukahesabu. Aliposhika uma mara ya tatu akasema tuache kuhesabu, tunamsumbua. Alimaliza mabakuli mawili, midomo myeusi kama aliyekunywa wino, masikio rangi yake ileile.

"Ndiyo hii," Kijiko akasema. Lakini hakufurahi. "Na tayari nimeshamwambia Mkuu ni ile. Na yeye ameipitisha mbele ya watu. Anasema kila siku, mwonjaji hana kauli mbili."

Hapo nikampa ushauri wa mama, na ulikuwa mbaya. "Mwanangu, mimi nimefukuzwa kazi mara mbili kwa kumwambia mkubwa amekosea, na mara zote mbili kweli alikuwa amekosea. Kwa ukweli wangu sikupewa hata barua ya kuagia. Nyamaza. Peleka dubu, tia rojo tone moja tu, waambie maziwa ndiyo muhimu. Chukua kiti kwanza, ukweli utausema ukiwa umekaa."

Kijiko akaosha mabakuli yote. Akafuta mikono. Akasema, "Saa nane wanaonja chai, Mama. Kwa ndimi zipi?"

*

Ijumaa nilimsaidia kubeba boksi. Mlangoni mwa chumba cha waonjaji dada wa mizani alininusa.

"Mama, umepaka nini?"

"Sabuni."

"Na umekula nini?"

"Pilipili mbili tu, za kuamkia."

Akanionyesha kiti cha nje ya mlango, mlango ukaachwa wazi. Basi nikaona kila kitu kutoka pale. Chumba cheupe, madirisha makubwa, meza ndefu, vikombe vya mchana vimeshapangwa vikisubiri. Waonjaji wamevaa makoti, wamekaa mbele ya mabakuli yao kama wanafunzi siku ya pilau. Mkuu yuko mwisho wa meza, mwembamba, mvi zimechanwa, kijiko chake cha fedha mfukoni kama kalamu.

"Haya, binti," akasema. "Dubu yuko wapi?"

Kijiko akaweka pakiti ya waridi mezani, na kando yake ile nyeusi.

"Mkuu, naomba radhi. Nilikosea. Tambi ya leo ni hii nyeusi."

Mtu mmoja akakohoa. Mkuu akachukua kijiko chake, akataka aletewe zote mbili. Akafyonza ya dubu, akazungusha, akatema. Akafyonza nyeusi, akazungusha, akatema.

"Ya waridi ni laini. Jana nilisema laini, leo nasema laini. Nyeusi nayo haiwashi, lakini ni nzito. Kwa nini unaacha chaguo zuri ukashika la pili? Nani amekutisha?"

"Mjomba wangu, Mkuu."

"Mjomba wako ni mwonjaji?"

"Ni fundi wa kuchomelea. Ila alimeza." Alisogea hatua moja mbele, nikaishika fremu ya mlango nisije nikaingia na pilipili zangu. "Mkuu, sisi tunatema. Moto wa hii uko kooni, unakuja baada ya kumeza. Naomba uimeze."

"Mwonjaji hamezi," Mkuu akasema. Hakukasirika, alisema kama mtu anayekwambia jua linachomoza wapi.

"Mlaji anameza, Mkuu. Na leo tumekaa kula."

Nikajiambia, basi, kiti kimekwenda. Nilianza kupanga maneno ya kumfariji, na nina akiba kubwa ya maneno hayo, yote nilishajiambia mwenyewe.

Mkuu akavuta bakuli la dubu, akaachana na kijiko, akashika uma. Akala. Nikaona koo lake likipanda na kushuka. Akala tena. Tena. Watu wote wakamtazama kama wanavyotazama birika.

"Sioni ki—" akasema.

Halafu likamfika.

Huyu ni mtu wa miaka arobaini bila pilipili. Hakukimbia kama Nyundo, ana heshima zake. Alikaa wima, mikono juu ya meza, na machozi mawili yakamtoka kwa adabu, moja kila upande. Kisha yakaja mengine yasiyo na adabu. Akapangusa, akafungua mdomo, akavuta hewa: fyuuu! Mfyonzo uleule wa kazini, ila hakukuwa na chai.

"Maziwa!" dada wa mizani akapiga kelele. Likakimbiliwa jokofu.

Mkuu akanywa. Akapumua. Chumba kizima hakijui kicheke au kipige simu. Ndipo yeye mwenyewe akaanza kucheka, kicheko kikavu cha mtu aliyesahau alikokiweka, na wengine wakafuata kama shanga za mkufu uliokatika.

"Miaka arobaini," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "nachagulia chai watu wanaomeza." Akajipangusa tena. "Hakuna aliyewahi kuniambia nimeze."

"Hukuuliza, Mkuu!" nikasema kutoka mlangoni. Kijiko akanikata jicho. Nikarudi kwenye kiti changu.

Wengine wakazila zile tambi nyeusi. Walizila kwa mashaka mwanzoni, kila mmoja anameza na kungoja, halafu bila mashaka, hadi makoti meupe yakawa na madoadoa na dada wa mizani akaomba ya pili. Hakuna aliyelia. Mkuu hakula, alikaa amekumbatia kopo la maziwa.

Saa ya ukutani ikagonga saa nane. Vikombe mia na ushee vikawa vinangoja kwenye mstari, dakika sita zimeshaanza kuhesabika. Mkuu akasimama kwa mazoea, akaenda kwenye kikombe cha kwanza, akafyonza, akatema ndani ya pipa. Akasimama. Akafyonza tena.

"Chai gani hii?" akajiuliza. "Nasikia dubu tu."

Akageuka. Akakifuta kijiko cha fedha vizuri kwa leso, akamnyooshea mwanangu mpini.

"Ulimi wangu umekwenda likizo hadi Jumatatu. Pita wewe. Nitakufuata na daftari, sema niandike." Kisha, kwa sauti ya chini ambayo mimi mama nilipaswa nisiisikie, "Na kile kiti, ukae. Ila kila kikombe cha kumi, meza."

Kijiko akakipokea. Akainama kwenye kikombe cha kwanza. Mfyonzo aliopiga, jamani, mtu wa barabarani aligeuka. Miaka yote ile niliyomchapa kwa kelele hiyo. Nikafuta macho, na kama kuna aliyeniona atajua ni zile pilipili mbili za kuamkia.

Siku hizi dukani kwangu kuna rafu mpya ya mbao, ya chini, ambapo mikono inafika. Nimeandika kwa chaki juu yake: "Zimepita kooni mwa Nyundo." Ni aina mbili tu, nyeusi na nyeupe. Wateja wasiotaka moto wanakwenda pale moja kwa moja, hawaniulizi tena. Ikija aina mpya namwita ndugu yangu. Anakuja na kopo lake la maziwa, anakaa kwenye kreti, ananitazama kwa chuki.

"Hii?" ananiuliza.

"Wakala amesema tamu sana," namwambia. "Meza."